Daraja Lisilo na Nadharia

Nchi ya Tarajia haikuwa maskini, na msomaji asikubali kudanganywa na wanaosema ilikuwa maskini. Ilikuwa nchi tajiri ambayo haikuwa imeamua bado utajiri wake uanze kwa nadharia ipi. Kwa ajili ya uamuzi huo ilijengewa Wizara ya Nadharia na Maendeleo, ghorofa tisa, yenye lifti iliyokuwa ikifika ghorofa ya tatu na kusimama kutafakari.

Humo wizarani maprofesa watatu walibishana kwa miaka kumi na minne. Wa kwanza alifundisha kwamba mataifa yote hupanda ngazi moja, na kwamba sisi tumechelewa chini kwa sababu tunang'ang'ania mambo ya mababu. Wa pili alisema ngazi hiyo ni uongo mtupu: walio juu walipanda kwa kukanyaga mabega yetu, na dawa yetu ni kukata mnyororo unaotufunga kwao. Wa tatu aliwahurumia wote wawili. Alisema wanatazama nchi mojamoja kama mtu anayehesabu vidole asiuone mkono; dunia ni duara moja, lina kitovu na lina ukingo, na msiba wetu ni kuketi ukingoni. Walibishana kwa adabu. Saa nne kamili walinyamaza wote watatu na kunywa chai.

Waziri, aliyekuwa mtu wa vitendo, akaamuru nadharia zilinganishwe. Kila profesa akapewa wilaya yake aiendeleze apendavyo: Wilaya ya Ngazi, Wilaya ya Mnyororo na Wilaya ya Duara. Na kwa kuwa sayansi hutaka pawepo mahali pasipoguswa, ili ijulikane watu wangekuwaje wasipopata nadharia yoyote, ikachaguliwa kata moja ng'ambo ya mto Kitete, iitwayo Ndulele. Ndulele haikupewa chochote. Ilipewa afisa.

Afisa huyo aliitwa Redempta Kilomo, alikuwa na miaka thelathini na sita, na alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wake. Hakuna aliyeangalia sifa nyingine. Kama wangeangalia wangeona kwamba Redempta alizaliwa katika nyumba ya mabinti saba ambamo aliyetaka kunyamaza ilibidi atoke nje, na kwamba pale wizarani alijua majina ya watoto wa kila mfagizi na kila dereva. Alikuwa mtu wa watu. Basi wakampeleka.

Siku ya kumuaga, Mkurugenzi wa Ulinganisho, Ndugu Hilarion Mtweve, alimkalisha kitini.

"Dada Redempta," alisema, "kazi yako ni ngumu lakini ni fupi kueleza. Kazi yako ni kutokuwepo."

"Kutokuwepo wapi, Mkurugenzi?"

"Hukohuko utakakokuwa. Utaandika unachokiona, lakini usikiguse. Ukimshauri mtu, umeharibu. Ukimsaidia, umeharibu zaidi. Miaka miwili tu, halafu tutakurudisha hapa."

Akamkabidhi Mwongozo wa Afisa Mlinganishi, kurasa themanini na nne. Afisa asiazime wala asiazimwe. Asile chakula cha mwananchi, wala mwananchi asile chake. Salamu anaruhusiwa, ila asiulize hali ya mgonjwa, kwa kuwa kumjulia hali mgonjwa ni huduma ya afya. Asicheke kwa namna ya kumtia mtu moyo. Asihudhurie arusi. Mazishi ayatazame akiwa umbali wa hatua hamsini, apate kuhesabu.

Redempta alikisoma kitabu chote ndani ya mtumbwi uliomvusha mto, akadhani baadhi ya mambo yaliandikwa kwa mzaha.

*

Jirani yake wa kwanza, na wa pekee aliyekuwa karibu, alikuwa mwanamke wa rika lake aliyeitwa Nyamizi. Jioni ya siku ileile Nyamizi alikuja na bakuli la viazi vitamu, moshi bado unatoka.

"Karibu Ndulele, dada. Pokea, utie kitu tumboni."

"Ahsante sana, dada. Siwezi kupokea."

"Umefunga?"

"Sijafunga."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni Mwongozo tu haukubali."

Nyamizi alimtazama kwa huruma, akarudi na bakuli lake. Kwake akamweleza mumewe, Kagoli, kwamba yule mgeni anaonekana mwema ila ana mume mkali, anaitwa Mwongozo, na bila shaka yuko njiani anakuja.

Ilichukua wiki kadhaa watu wa Ndulele kuelewa. Walipoelewa hawakukasirika. Walimzoea kama mtu anavyozoea nguzo iliyochimbiwa njiani: mwanzoni unaikwepa, halafu miguu yako inaikwepa yenyewe.

Kila Jumatatu Redempta alipita nyumba kwa nyumba na dodoso la maswali manane. Mko wangapi. Paa ni la nini. Kuku wangapi. Aliyapenda yote, lakini alilipenda zaidi la nane: "Je, kuna mabadiliko yoyote?" Hilo halikuwa na nafasi maalumu ya jibu, na mtu angeweza kulijibu kwa urefu. Kagoli, ambaye alipenda kusimulia, alilijibu hata kwa nusu saa. Alieleza ng'ombe fulani alivyogoma kuzaa mpaka mwenyewe alipotoka nje, na namna binti yake mdogo alivyoanza kusema "baba" akimwangalia jogoo. Redempta aliandika kila neno, akibana midomo asije akacheka kwa namna ya kumtia mtu moyo. Usiku hakuwa na la kufanya, hivyo aliyasoma tena. Wizarani hakuna aliyeyasoma.

Kila Ijumaa alikwenda kupima kina cha mto Kitete kwa kamba ya serikali, mita thelathini, yenye alama nyekundu kila mita.

Miaka miwili ikapita. Hakuna aliyekuja kumrudisha. Aliandika barua ya kukumbusha, akajibiwa kwamba ulinganisho umefika mahali pazuri na usisumbuliwe. Dada zake nao walimwandikia mara nyingi, kisha mara chache, kisha sikukuu kwa sikukuu.

Habari za wilaya nyingine alizipata kwa waraka wa kila robo mwaka, na zilikuwa habari njema. Katika Wilaya ya Ngazi kila kaya ilikuwa imepewa saa ya ukutani na tai moja, na ngoma zilipigwa marufuku siku za kazi. Wananchi wote walikuwa wamepanda daraja la kwanza la maendeleo na wamesimama hapo kwa utulivu, wakimngoja mkaguzi wa daraja la pili. Katika Wilaya ya Mnyororo mipaka yote ilifungwa kwa seng'enge imara iliyoletwa kutoka ng'ambo pamoja na mtaalamu wa kuifunga. Chumvi, viberiti na mipira ya baiskeli vilikusanywa na kuteketezwa, isipokuwa viberiti vichache vilivyohitajika kuviteketezea. Katika Wilaya ya Duara wananchi waliambiwa ukweli kwamba utajiri uko kitovuni, wakaelewa haraka kuliko ilivyotarajiwa: wote walihamia katikati ya wilaya, wakajibana kwenye viwanja viwili vya mpira, na mahindi ya ukingoni yakaliwa na ngedere.

Redempta alisoma nyaraka hizo peke yake na kuzipanga kwa tarehe.

*

Mwaka wa sita masika yalikuja kwa hasira. Ijumaa moja, kabla ya adhuhuri, Redempta alikuwa ukingoni anafungua kamba yake pale alipomwona Kagoli akivuka kutoka gulioni, kwa miguu, maana mtumbwi wa kijiji ulikuwa umepasuliwa na gogo wiki iliyopita. Maji yalimfika kifuani. Kisha yakaing'oa miguu yake chini. Alibingirika, akaibuka, akalidaka tawi la mti ulioinamia mtoni, hatua labda kumi na tano kutoka aliposimama Redempta.

Hakupiga kelele. Alimwona, na alimwambia kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njiani, "Dada, kamba."

Sura ya nne ya Mwongozo inasema kifaa cha vipimo kisitumike kwa jambo lisilo kipimo. Redempta hakuhitaji kufungua kitabu. Miaka sita ilikuwa imekiandika ndani yake. Alisimama na kamba mkononi. Ilimchukua muda wa kuvuta pumzi mara tatu, pengine nne, kukumbuka kwamba yeye ni binti wa watu na kwamba pale hapakuwa na mkurugenzi. Akarusha. Kamba ilikunjuka vizuri, ikaangukia palepale ilipotakiwa. Tawi lilikuwa tupu, linacheza juu ya maji.

Alipogeuka alimwona Nyamizi amesimama kwenye kilima na mtungi kichwani.

Mazishi aliyatazama kwa umbali wa hatua hamsini. Jumatatu alikwenda na dodoso, kwa sababu ilikuwa Jumatatu.

"Mko wangapi?" aliuliza.

"Jumatatu iliyopita tulikuwa wanne," Nyamizi alisema.

Redempta akaandika tatu. Alipofika swali la nane sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nyamizi alijibu, "Hakuna." Na tangu siku hiyo, kila Jumatatu kwa miaka mitano, jibu lilikuwa hilohilo. Hakumtukana, hakumfukuza mlangoni. Alijibu alichoulizwa, akarudi jikoni.

*

Kiangazi kilichofuata watu wa Ndulele walianza kubeba mawe. Hakuna aliyewaita mkutano. Fundi Lugembe, aliyekuwa akijenga maghala ya mahindi, alichora mstari kwa mkaa kwenye mwamba wa ukingoni. Kesho yake kulikuwa na mawe chini ya mstari huo, na keshokutwa yaliongezeka. Nyamizi alibeba kuliko wote.

Redempta alikwenda kila siku, si Ijumaa tu, akasimama pembeni na daftari lake. Ndani ya daftari lile mlikuwa na kina cha mto Kitete kwa kila wiki ya miaka sita. Alikuwa amekwisha kata shauri. Akiulizwa, atajibu, na wizara ifanye itakavyo.

Siku moja Lugembe alijishika kiuno na kusema, "Sasa shida ni hii nguzo. Sijui maji yakijaa sana yanafika wapi."

Redempta alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alijua hadi sentimita. Akafungua mdomo. Lugembe aligeuka, macho yake yakampitia kama yanavyopitia mti, yakamfikia Nyamizi.

"Mama, unakumbuka yalifika wapi?"

Nyamizi aliweka chini jiwe lake, akaenda kwenye mwamba, akaweka kiganja. "Hapa," alisema.

Ilikuwa sahihi. Redempta alihakikisha nyumbani: hata kidole hakikuzidi.

Viangazi vitatu vikaisha, daraja likasimama: nguzo nne za mawe, magogo ya mninga juu yake, na kingo za mianzi kwa ajili ya watoto. Redempta hakuwa amebeba jiwe, hakusema neno, na hakuna aliyemwomba. Hata siku ya kulivuka kwa mara ya kwanza, walipopiga vigelegele, alikuwa amesimama kwenye hatua hamsini, ingawa Mwongozo haukutaja madaraja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mahindi yalifika gulioni bila kulowa. Mabati yakaanza kuonekana. Watoto walivuka kwenda shule, na walimu wawili wakavuka kuja kuoa. Redempta alijaza madodoso kwa uaminifu na kuyatuma, na kwa miaka miwili hayakusomwa, hadi karani mmoja mgeni wizarani, asiyejua desturi, alipojumlisha takwimu za wilaya zote na kuziweka kwenye jedwali moja.

*

Msafara ulifika mwaka wa kumi na moja, magari manne. Waheshimiwa walishukia katikati ya daraja, baada ya dereva kuulizwa mara tatu kama lingewabeba. Redempta alisimama kando na daftari. Ndugu Mtweve alikuwa amenenepa. Alimpa mkono, na Redempta akashtuka, kwa sababu mkono wake haukuwa umeshikwa na mtu kwa muda mrefu. Alikawia kuuachia.

Profesa wa Ngazi alipiga goti, akagongagonga gogo. "Hili ni daraja la tatu la upandaji," alisema. "Wameacha mambo ya mababu bila kuambiwa. Nadharia yangu hufanya kazi hata nisipokuwepo."

"Nionyeshe msumari," alisema Profesa wa Mnyororo. "Hakuna hata mmoja. Kamba za katani, mawe ya hapahapa. Hawa wamekata mnyororo."

"Waheshimiwa," alisema Profesa wa Duara, "daraja huunganisha nini na nini? Ukingo na kitovu. Sina la kuongeza." Akaongeza kwa dakika arobaini.

Watu wa Ndulele walipita katikati yao na mizigo, wakisema hodi. Hakuna aliyewauliza kwa nini walijenga. Swali hilo halikuwemo katika nadharia.

Mwishowe walinyamaza, maana kila mmoja aliona jambo lilelile. Ndulele ilikuwa na mabati mengi kuliko wilaya zao tatu zikijumlishwa, na haikuwa imepewa kitu. Kama jedwali lile lingechapishwa, nchi ingeweza kuuliza ghorofa tisa ni za nini.

Ndugu Mtweve alimvuta Redempta kando, akatoa fomu.

"Dada Redempta, sheria ya ulinganisho unaijua. Jambo lililotokana na wananchi wenyewe huitwa tokeo, na haliguswi na yeyote. Jambo lililotokana na mkono wa afisa huitwa doa, na doa hufutwa, mambo yarudi yalivyokuwa. Hapa wewe ungeandika tu kwamba uliwasaidia."

"Halafu daraja?"

"Litaondolewa kitaalamu. Nawe hutaadhibiwa. Kuwasaidia watu si aibu, ni udhaifu wa kibinadamu. Utarudi makao makuu. Nimekutengea meza ghorofa ya tatu, inatazamana na chumba cha chai. Watu wanaingia na kutoka hapo siku nzima."

Redempta aliiangalia ile fomu. Ilimwomba aandike kwamba alikuwa mwema. Kwamba alisema neno, akashika jiwe, akanyoosha mkono. Kwa miaka mitano hakuwa ameomba kitu kingine isipokuwa hilo liwe kweli. Na huko mwisho wa barabara kulikuwa na chumba cha chai, na mtu angemuuliza, Redempta, leo umeamkaje.

"Sikuwasaidia," alisema.

"Hata kwa neno?"

"Hata kwa neno."

"Hata kwa bahati mbaya? Fikiri vizuri."

"Hata kwa bahati mbaya, Mkurugenzi. Mtu alikufa maji mbele yangu na kamba nilikuwa nayo mkononi. Mimi ndiye afisa bora mliyewahi kuwa naye."

Redempta akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, bila haraka: *Sikufanya lolote*. Akatia sahihi.

*

Wizara iliheshimu sheria yake. Tokeo haliguswi. Kikao cha siku nne kilikaa, na azimio lake lilisomwa redioni: kwa kuwa Ndulele imeendelea bila nadharia, na kwa kuwa maendeleo bila nadharia hayawezekani, imebainika kwamba Ndulele haipo. Nadharia zote tatu zikatangazwa kuwa zimeshinda. Waziri akavishwa nishani.

Redempta alipata barua. Cheo cha afisa mlinganishi kimefutwa pamoja na mahali pake. Aliposoma kuhusu usafiri wa kumrudisha, alielezwa kwa upole kwamba gari haliwezi kuagizwa kwenda mahali pasipokuwepo.

Angeweza kuondoka kwa miguu, daraja lilikuwepo. Alifunga mkoba, akakaa juu yake, akajaribu kukumbuka ni mlango wa dada yupi angeuanza kuubisha, na kwa maneno gani. Jua lilipoanza kuinama aliuacha mkoba palepale, akaenda kwa Nyamizi. Alimkuta uani anachambua maharage.

"Leo si Jumatatu," Nyamizi alisema.

"Si Jumatatu. Sina dodoso."

Nyamizi aliendelea kuchambua. Redempta alisimama. Maneno aliyokuwa ameyapanga kwa miaka mitano yalimkimbia yote, yakabaki machache.

"Nilichelewa kurusha," alisema.

"Nilikuona."

"Najua uliniona."

"Kama usingekuwa na kamba," Nyamizi alisema, "ningekuwa nimeshakusahau." Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. Redempta hakumweleza habari ya fomu. Alifikiri kulieleza jambo lile kungekuwa kama kudai ujira, tena kwa mtu asiyekuwa na deni.

Alikuwa amefika kwenye kizingiti cha ua, anaondoka, Nyamizi aliposema bila kuinua kichwa, "Kesho tunapalilia kwa Lugembe. Mikono imepungua."

Asubuhi Redempta alikwenda. Walimwonyesha tuta la mwisho, mbali na wengine. Alipalilia vibaya; aling'oa mahindi mawili akayafukia tena kwa aibu. Wengine waliimba, naye hakuujua wimbo. Viganja vilipasuka. Hakuna aliyemsemesha, wala hakuna aliyemtazama, ila mara moja binti mkubwa wa Nyamizi alipita akamgeuzia jembe mkononi, upande ulio sahihi, akaenda zake.

Mchana walikaa kivulini kuzunguka sinia la ugali na mlenda. Redempta alibaki amesimama penye tuta lake. Kutoka pale aliona kwamba duara la watu halikufunga: kati ya Nyamizi na mke wa Lugembe palikuwa na nafasi. Huenda waliiacha kwa ajili yake. Huenda walikaa tu hivyo, kila mtu alipofikia. Alingoja aitwe. Hakuna aliyemwita. Mvuke wa ugali ulianza kupungua.

Akanawa, akaenda, akakaa.